Uwezekano wa Sita

"Sita imekawia, lazima sasa ije." Kauli hiyo utaisikia popote palipo na ubao wa ludo, iwe kwenye kibaraza cha duka Kasulu mjini au chini ya mwembe kule Kabanga. Anayeisema huwa ni yule ambaye kete zake zote nne bado ziko nyumbani wakati wenzake wanazunguka. Ameirusha dadu mara tisa, mara kumi, na sita haijaonekana. Wenzake wanamcheka kwamba ana gundu. Yeye anashikilia kwamba dadu ina deni naye na karibu italilipa. Anayecheka na anayechekwa wameteleza mahali pamoja: wote wanaamini dadu inamjua anayeirusha.

Kinachokosekana hapo ni dhana ya hisabati ambayo Kiswahili huiita uwezekano. Neno hili limeingia vitabuni na kwenye taarifa za hali ya hewa bila makelele, lakini nimewahi kuwasikia walimu wakilitilia shaka. Hoja yao si ya kupuuzwa. Uwezekano limetokana na weza, wezekana. Jambo linalowezekana ni lile ambalo laweza kutokea, basi, na hapo hatujasema litatokea kwa kiasi gani. Kupata sita kwa mrusho mmoja kunawezekana. Kupata sita kumi mfululizo nako kunawezekana. Kama neno moja linabeba yote mawili, mwanafunzi atajuaje kwamba la kwanza ni la kawaida na la pili ni la kusimuliwa miaka?

Jibu naliona katika namna watu wanavyolitumia neno lenyewe. Kitenzi ndicho chenye majibu mawili tu: inawezekana, haiwezekani. Nomino ina tabia nyingine. Kila siku tunasema kuna uwezekano mkubwa wa mvua, uwezekano mdogo wa basi la Kigoma kufika kabla ya jioni. Kitu kinachokubali kuitwa kikubwa au kidogo kimeshakubali kupimwa, kilichobaki ni kukipa namba. Hisabati inakipa namba kuanzia 0 hadi 1. Kisichoweza kutokea kina uwezekano 0, kisicho na budi kutokea kina 1, na sita ya dadu isiyochezewa ina moja ya sita. Kiswahili kina hata jina la sehemu hiyo, sudusi, ambalo wanaogawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu wanalijua vizuri zaidi ya walimu wetu wa hesabu.

Wapo wanaopendekeza yamkini. Ni neno zuri, lakini masikioni mwa wengi ni ndugu wa huenda na pengine, hutangulia sentensi na kuiacha ikining'inia. Jaribu kusema "yamkini ya sudusi" uone kama kuna atakayekuelewa. Nasibu, kwa upande wake, lina kazi yake tayari: watafiti wanasema sampuli nasibu wakimaanisha iliyochukuliwa bila kuchagua, na mrusho wa dadu ni tukio la nasibu kwa maana hiyohiyo. Bahati tuwaachie wachezaji. Dadu, kama karata, kopa na turufu, hutajwa miongoni mwa maneno tuliyoachiwa na Wareno. Vyombo vya mchezo vilitufikia na majina yake mapema. Hesabu zake zilichelewa, na zilipofika zilikuja kwa Kiingereza.

Pale Kabanga, kilomita chache kutoka Kasulu mjini, kuna chuo cha ualimu. Mwanachuo wa pale alikutana na mada hii kidato cha nne, kwa Kiingereza. Akihitimu atakwenda kufundisha shule ya msingi ambako hesabu ni kwa Kiswahili, mbele ya watoto ambao nyumbani wanasema Kiha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, iliwafaa sana walimu wa masomo hayo. Hisabati, kama jina la kamusi linavyoonyesha, haikuwa shabaha yake. Kwa hiyo mwalimu huyo ataitafuta mifano yake mwenyewe, na mfano ulio karibu kuliko yote ni ludo.

Turudi kwa mwenye gundu. Kila mrusho una uwezekano wa tano ya sita wa kukosa sita, na dadu haikumbuki mrusho uliopita, kwa hiyo tunazidisha. Kukosa mara nne mfululizo ni 5/6 mara nne zikizidishwa zenyewe, yaani 625 kwa 1,296. Hiyo ni chini kidogo ya nusu. Maana yake anayerusha mara nne ana takriban asilimia 52 za kupata walau sita moja. Wacheza kamari wa Ufaransa wa karne ya 17 walilijua hili kwa uzoefu, na maswali ya mmoja wao, Chevalier de Méré, ndiyo yaliyomfanya Blaise Pascal aandikiane barua na Pierre de Fermat mwaka 1654. Barua hizo huhesabiwa kuwa mwanzo wa somo hili.

Sasa kukosa mara kumi: 5/6 ikizidishwa mara kumi inabaki kama 0.16, karibu asilimia 16. Kwa mchezaji mmoja ni jambo la nadra kiasi. Lakini ludo huchezwa na watu wanne. Uwezekano kwamba wote wanne watapata sita ndani ya mirusho yao kumi ya kwanza ni 0.84 kuzidishwa mara nne, na jibu ni karibu na nusu. Nusu inayobaki ni ya michezo ambayo angalau mtu mmoja anarusha mara kumi na kuambulia patupu. Kwa lugha nyingine, kila michezo miwili utegemee mmoja kuwa na mtu wa kuitwa gundu. Hana kosa, na hakuna aliyemroga. Hesabu ilihitaji mtu wa kukaa pale, naye ndiye aliyekuwapo.

Na mrusho wake wa kumi na moja? Sudusi, ileile. Vijana wanaobeti wanapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine, maana kanuni ya kuzidisha wanaishi nayo kila Jumamosi. Mkeka wa mechi tano, kila mechi ikiwa na uwezekano wa asilimia 70 wa kwenda wanavyotaka, unabaki na asilimia 17 za kutoka mzima. Mechi moja moja zilionekana za uhakika, ila mkeka huchanika kwa mechi moja tu.

Hadi hapa uwezekano umetueleza yaliyotokea. Mchezaji anataka zaidi: anataka kujua asogeze kete ipi. Hapa linaingia neno la pili, mkakati, na nalitofautisha na mbinu. Mbinu ni ya hatua moja. Mkakati ni mpango kamili unaokwambia la kufanya katika kila hali inayoweza kujitokeza, dadu ikianguka vyovyote. Mchezo wa nyoka na ngazi hauna mkakati hata mmoja, kwa sababu mchezaji hachagui kitu. Mtoto wa miaka mitano na profesa wana nafasi sawa. Ludo inao, kwa kuwa una kete nne na unaamua ipi itembee.

Chukua swali la hatari. Kete yako iko mbele ya kete ya mpinzani, naye akikupata unarudi nyumbani kuanza upya. Watu wengi huamini kwamba kadiri alivyo karibu ndivyo hatari inavyozidi, kwa hiyo wakipata mbili wanakimbia hatua mbili na kushusha pumzi. Hesabu haikubali. Akiwa nyuma yako hatua moja, anahitaji moja: sudusi. Akiwa hatua tano, anahitaji tano: sudusi vilevile. Akiwa hatua sita, bado ni sudusi. Kutoka hatua mbili hadi nne hujapunguza chochote, umetumia mrusho bure. Mabadiliko yanakuja ukivuka sita. Akiwa nyuma hatua saba lazima apate sita kwanza, arushe tena, kisha apate moja, na hiyo ni sudusi ya sudusi, 1 kwa 36. Hatari imeshuka mara sita kwa hatua moja ya ziada. Kwa hiyo unapokimbia, kimbia uvuke sita, la sivyo tumia mrusho huo kwenye kete nyingine.

Kuna jambo dogo hapa ambalo nalipenda kuliko linavyostahili. Tuache kando ule mrusho wa ziada wa sita. Ukiwa mbele ya kete mbili za mpinzani mmoja, moja nyuma hatua mbili na nyingine nyuma hatua tano, anakupata kwa mbili au kwa tano: 12 kwa 36. Kete hizohizo zikiwa za wapinzani wawili tofauti, kila mmoja na dadu yake, uwezekano wa kupatwa kabla zamu haijakurudia ni 11 kwa 36. Hiyo moja iliyopotea ni mahali ambapo wote wawili wangekupata, na huwezi kuliwa mara mbili. Maadui wawili wana nafuu kidogo kuliko adui mmoja mwenye kete mbili. Haitakushindisha mchezo, lakini inafundisha lini tunajumlisha na lini tunazidisha vizuri kuliko zile shanga za rangi katika mfuko.

Hatari peke yake haitoshi, lazima upime na unachokipoteza. Tuseme kete yako ya kwanza imetembea hatua 40 na ina adui nyuma hatua nne. Ya pili imetembea 10 na ina adui nyuma hatua tano. Umepata tatu, na zote mbili zinaweza kuvuka sita. Ukiiokoa ya kwanza, inakuwa na hatua 43 zilizo hatarini kwa 1 kwa 36, yaani 1.2, na ile ya pili inabaki na 10 kwa sudusi, 1.7. Jumla haifiki 3. Ukiiokoa ya pili, ya kwanza peke yake inakugharimu 40 kwa sudusi, karibu 6.7. Uamuzi umekwisha.

Kiasi hicho cha 3 au 6.7 vitabu hukiita thamani tarajiwa, au hapa tungesema hasara tarajiwa. Neno hili silipendi. Hesabu hiyohiyo ikifanyiwa dadu yenyewe inatoa 3.5, na hakuna aliyezaliwa anayetarajia kuona 3.5 juu ya dadu. Tarajiwa ni kivuli cha istilahi ya Kiingereza, ambayo nayo inawapotosha wenyewe. Ningesema wastani wa hasara, au wastani wa mirusho mingi pale ambapo pana hatari ya kuchanganya. Mwanafunzi anaujua wastani tangu shule ya msingi. Akisikia kwamba wastani wa kusubiri sita ni mirusho sita, ingawa zaidi ya nusu ya watu huipata ndani ya minne, ataelewa kwamba wachache wanaokawia sana ndio wanaouvuta wastani juu. Ukimwambia mirusho sita ndiyo "inayotarajiwa", atasubiri ya sita kama basi.

Inabaki michezo isiyo na dadu, ambayo kwetu ndiyo yenye heshima zaidi: drafti na bao. Kete 64 za bao la Kiswahili ziko wazi kwa wote wawili, zikiwamo zile 22 ambazo kila mchezaji anaanza nazo mkononi wakati wa namua, awamu ya kwanza ya mchezo. Hakuna kilichofichwa wala kinachorushwa. Katika michezo ya aina hii, mkakati wa ushindi una maana kali: ama upo kwa mmoja, ama kila mmoja anaweza kulazimisha angalau sare pale sare inaporuhusiwa. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha mwaka 2007 kwamba drafti ya Kiingereza, wachezaji wote wasipokosea, huishia sare. Drafti yetu ya vizibo, ambayo kingi wake hukimbia mstari mzima, ni mchezo mwingine, na jibu lile haliihusu.

Bao halisalimu amri kirahisi hivyo. Mtaji mmoja, yaani hatua ya kula kete, unaweza kuzunguka na kuzunguka mpaka mtazamaji apoteze hesabu, na mabingwa wa Zanzibar wanaofuata mzunguko huo kichwani ndio walioshughulisha utafiti wa Alexander de Voogt, aliyetoa kitabu juu yao mwaka 1995. Kompyuta ikishindwa kumaliza njia zote, ina njia ya mkato: kutoka pale mchezo ulipo, inacheza maelfu ya michezo kwa nasibu hadi mwisho, kisha inahesabu ni hatua ipi iliyoleta ushindi mara nyingi zaidi. Njia ya jamii hiyo, ikisaidiwa na mengine mengi, ndiyo iliyoiwezesha programu ya AlphaGo kumshinda Lee Sedol michezo minne kwa mmoja huko Seoul, Machi 2016, katika mchezo wa go ambao nao hauna dadu.

Programu kama hiyo ikikuonyesha kwamba hatua fulani ya bao ina asilimia 62 za kushinda, je, huo nao ni uwezekano? Nasita. Sudusi ya dadu ni sifa ya dadu, ingekuwapo hata kama hakuna anayeitazama. Hii 62 ni ya kompyuta isiyojua mwisho wa mchezo ambao tayari umo wote ndani ya ubao. Bingwa anayeona mbali akiitazama hali hiyohiyo anaweza kusema 100 au 0, na akawa sahihi. Namba ya namna hii ningeiita makadirio ya ushindi, na uwezekano ningeuweka pale panaporushwa kitu.