Plakete: chembe ndogo zinazozuia damu isitoke bila kusimama

Mutu akijikata na panga ku shamba ao na kisu ku jikoni, damu inatoka, kisha dakika chache inaganda na kusimama. Wanaoanza kazi hiyo ni chembe ndogo sana zinazoitwa plakete. Vitabu vya Kiswahili vinaziita chembe sahani. Kwenye karatasi ya labo, utaona zimeandikwa kwa Kifaransa, plaquettes, karibu na hesabu ya chembe nyekundu na nyeupe.

Zinatoka wapi?

Zinatengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Pale kuna chembe kubwa zinazojikata vipande vipande, na kila kipande ni plakete moja. Inaishi siku 7 mpaka 10 tu, kwa hiyo mwili unatengeneza zingine kila siku. Mutu mwenye afya ana plakete kati ya 150 000 na 450 000 kwa kile kipimo ambacho labo inaandika mm³.

Damu inaganda ginsi gani?

Mushipa ukikatika, kwanza unajibana wenyewe. Plakete zinazopita pale zinanata kwenye ukuta uliopasuka, zinabadilika sura, na kutoa kemikali za kuita zingine. Zinarundikana na kuwa kizibo. Lakini kizibo hicho kingali laini. Protini za damu, ambazo nyingi zinatoka kwenye ini, zinaamshana moja kisha nyingine mpaka kufanya nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo zinafunga kizibo kama wavu wa muvuvi.

Ndiyo maana, kidonda kikitoka damu, ukifinye kwa nguvu na kitambaa safi dakika 10 bila kufunua. Yule anayefunua kila mara kusudi aangalie, anang'oa kizibo ambacho kinaanza kushika. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usiweke majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe: vinaweza kuleta pepopunda.

Juu gani plakete zinapunguka?

Huku kwetu sababu moja inayoonekana sana ni malaria. Mara mingi hesabu inapanda tena mugonjwa akipata dawa. Bandama ikivimba, inashika plakete nyingi ndani yake. Kuna pia maambukizi makali, magonjwa ya uboho, saratani ya damu, na dawa fulani kama kinini kwa watu wengine. Zikishuka chini ya 50 000, waganga wanaogopa kupasua mugonjwa. Zikishuka chini ya 10 000, damu inaweza kutoka yenyewe, hata bila kujiumiza.

Angalia alama hizi: vidoadoa vyekundu ku ngozi ambavyo havipotei ukivifinya, ufizi unaotoka damu, damu ya pua isiyosimama, damu ya mwezi inayozidi kuliko kawaida, ao choo cheusi kama lami.

Aspirini ni dawa, lakini si ya kila homa

Aspirini inafunga kazi ya plakete, na ile iliyofungwa haifunguki mpaka ife. Kwa hiyo kidonge cha leo kinaweza kuendelea kuonekana katika damu kwa karibu juma moja. Mutu mwenye homa ambayo haijapimwa asijinunulie aspirini. Parasetamoli, kwa kipimo kinachofaa, haizuie plakete. Mwambie munganga ao muuguzi kama umekunywa aspirini, zaidi sana kabla ya kupasuliwa ao kung'olewa jino.

Lakini yule aliyeandikiwa aspirini na munganga juu ya moyo asiiache kwa shauri la jirani. Plakete hizi hizi zinaweza kuziba mushipa wa moyo ao wa bongo pasipo kidonda cho chote, na dawa ile inamlinda.

Usingoje nyumbani

Damu isiyosimama baada ya kufinywa dakika 10, mama anayetoka damu mingi baada ya kuzaa, mutoto mwenye homa na vidoadoa ku ngozi: hawa wote wapelekwe haraka ku kituo cha afya, hata kama ni usiku. Karatasi ya labo ya zamani, kama iko, muende nayo. Munganga akilinganisha hesabu ya plakete ya kwanza na ya leo, atajua kama zinapanda ao zinashuka.