Risasi Ilipotoka Kwenye Petroli

Desemba 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake walitia kemikali ya risasi kwenye petroli na injini ikaacha kugonga. Siti za valvu hazikuwa akilini mwao. Lakini risasi hiyo ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya chuma, na kwa miongo mingi utando huo ukazilinda injini hata kwenye njia za vumbi za Matinyani, magharibi mwa Kitui.

Siti ni ukingo wa duara ndani ya silinda hedi, pale valvu inapokaa ikifunga. Valvu ya ekzosi hupata moto mkali na kuigonga siti zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Pasipo utando, chuma hushikana na chuma, kisha chembe zikang'oka. Siti huzama, nafasi ya tapeti huisha, kompresheni huvuja na gari hushindwa mlima. Walioumia zaidi ni wenye magari kama Morris Minor, ambayo siti zake zilichongwa moja kwa moja kwenye chuma cha kusubu.

Hata hivyo risasi ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Juni 2001 nchi za Afrika zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 eneo lote la kusini mwa Sahara lilikuwa limeachana nayo. Uamuzi ulikuwa wa haki. Gharama yake kwa mwenye gari kuukuu, hata hivyo, haikuzungumzwa vya kutosha.

Kazi ya kuzirekebisha siti iliangukia mafundi. Kwanza fundi hupima tundu la shina la valvu, kwa kuwa likilegea, kila kitakachochongwa kitakwenda kombo. Siti huchongwa kwa nyuzi 45, kisha hupunguzwa upana kwa nyuzi 30 upande mmoja na 60 upande wa pili, hadi ibaki milimita moja na nusu hivi. Hapo hupakwa dawa ya kusagia, na fundi huizungusha valvu kwa kijiti chenye mpira, viganja vikienda na kurudi kama anayepekecha moto. Mwisho hedi hupinduliwa na kutiwa mafuta ya taa: yakipenya, kazi hurudiwa.

Kupekecha hakuhitaji umeme, kwa hiyo hufanyika hata sokoni Matinyani. Siti iliyozama sana ni shughuli nyingine. Mashine hutoboa sehemu iliyoliwa, hedi hupashwa moto, pete ya chuma kigumu hupozwa na kupachikwa ikibana. Kwa hilo hedi hulazimika kwenda mjini kwenye mashine.

Hata hivyo, balaa kubwa ya injini kuharibika kwa wingi haikutokea. Japani ilianza kuachana na risasi miaka ya 1970, na magari yake ya mitumba, yaliyojaa Kenya kuanzia miaka ya 1990, yalikuja na siti ngumu. Algeria nayo ilimaliza akiba yake ya petroli yenye risasi Julai 2021, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likatangaza habari hiyo kutoka Nairobi.

Hedi nyingi za leo ni za alumini, zenye pete tangu kiwandani. Adui yake ni rejeta isiyo na maji: hedi hupinda, pete hulegea, na fundi huanza upya na mashine.