Kigari Kilichotoka Katika Kibiriti

Shule moja ya Uingereza iliruhusu vichezeo vinavyoenea katika kibiriti tu. Jack Odell, fundi wa London, akamtengenezea bintiye kigari cha shaba cha kushindilia barabara. Mwaka 1953 vikatoka vigari vya Matchbox, kisha mamilioni yaliyofanana.

Leo wapo wanaotoboa ribiti, wakang'oa bodi na kukata paa kwa msumeno: salun ikawa pikapu. Aloi ya zinki huyeyuka upesi, hivyo vipande huunganishwa kwa gundi na puti, si kwa kuchomelea. Wakusanyaji hulalamika kwamba thamani imepotea. Sokoni, ni kweli. Lakini kigari cha kwanza hakikuwa cha soko. Kilikuwa kimoja tu, kazi ya mikono, kwa mtoto mmoja.