Ziwa Halikosei: Hoja Kuhusu Utendaji Katika Mwambao wa Rumonge

Maji ya Tanganyika yalipopanda mwaka 2021, na tena 2024, yakaingia majumbani kuanzia Gatumba hadi Rumonge nchini Burundi, wengi walisema ziwa limerudi kuchukua chake. Kauli hiyo ina wakili mwenye hadhi kubwa: mwanafalsafa Bruno Latour, aliyetetea mwaka 2005 kwamba chochote kinachobadilisha hali ya mambo ni mtendaji. Kwamba tendo huelezwa kwa kusudi la anayelitenda, wanafalsafa Anscombe na Davidson walishalisema vya kutosha. Latour amekifungua kizingiti hicho cha kusudi hadi mvua, jiwe na mkuu wa tarafa wakapita pamoja, na dhana inayomkaribisha kila mmoja haimtambulishi yeyote. Napendekeza kipimo kigumu zaidi: mtendaji ni yule awezaye kukosea.

Ushahidi wangu ni uvuvi wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili. Usiku wa giza wavuvi wa Rumonge huwasha taa juu ya maji, samaki wakakusanyika chini ya mwanga, wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hushindwa nguvu na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Ndagala hupanda usiku kufuata vijidudu anavyokula, na mchana hushuka kilindini kuwakwepa samaki aina ya mukeke wanaomwinda. Mwenendo huo una faida kwake, kwa hiyo una namna ya kuharibika: chini ya taa, samaki yuleyule anayetafuta uhai anakwenda wavuni. Amedanganyika. Atakayepinga atasema hiyo ni silika tupu, mwanga unamvuta samaki kama sumaku ivutavyo msumari. Lakini msumari ukinasa kwenye sumaku haujapotea njia, kwa kuwa haukuwa na njia. Sidai kwamba ndagala anafikiri. Nadai tu kwamba kuna jambo analolitafuta, na kwamba mvuvi anaishi kwa kulijua hilo.

Ziwa je? Lina tokeo moja tu, Mto Lukuga, huko Kalemie. Maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke. Mpelelezi Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliukuta umezibwa na tope na mimea. Miaka miwili baadaye maji yalikuwa yamevunja kizuizi hicho, na kina kikashuka takriban meta 10 katika miaka iliyofuata. Ikiwa kupanda kwa 2021 na 2024 ni kudai haki, kushuka kule kulikuwa kusamehe? Hakuna taa ya kulidanganya ziwa, wala kiwango ambacho likikikosa tutasema limeshindwa. Ni chanzo, tena chanzo kikubwa, basi. Kukosea kuko kwingine. Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 inatenga ukanda wa meta 150 kando ya Tanganyika. Aliyejenga ndani yake anaweza kuwa amekosea, na aliyemruhusu vilevile. Hao ndio watendaji wa kuulizwa, na kulishtaki ziwa ni kuwaachia huru.