Herufi za Viwanja vya Ndege na Historia ya Ziwa Letu

Sisi wa Rumonge tukitaka kupanda ndege hufuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura, zaidi ya kilomita 70. Kwenye tiketi na kwenye karatasi inayofungwa mzigoni, uwanja ule huandikwa BJM. Marubani na waongozaji wa ndege hutumia herufi nyingine, HBBA. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba herufi hizo ni ushahidi wa historia, ingawa ushahidi huo haukamiliki.

Herufi tatu hutolewa na IATA, umoja wa kampuni za ndege ulioundwa mwaka 1945. Herufi nne ni za ICAO, shirika lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Katika herufi nne, kwa kawaida ya kwanza huonyesha eneo la dunia na ya pili huonyesha nchi. Ndiyo maana Bujumbura ni HBBA, na Kigoma ya Tanzania ni HTKA. Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ni FZRF. Kongo imewekwa katika eneo jingine, ingawa maji tunayovua ni yale yale.

Tuzitazame sasa kwa jicho la historia. Kongo iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Jina limeondoka, lakini Z ingali pale. Kwetu, Wabelgiji waliuita mji Usumbura. BJM inafuata jina la Bujumbura, lililotumika baada ya uhuru wa 1962. Tarehe 1 Julai 2019 uwanja ulipewa jina la Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa Juni 1993 na kuuawa Oktoba mwaka huohuo. Herufi hazikubadilika. Anayesoma tiketi peke yake hatalijua jina hilo wala sababu yake.

Upungufu mkubwa zaidi uko majini. Mwaka 1972, wakati wa mauaji, watu wengi wa pwani hii walikimbilia Tanzania, wengine kwa mitumbwi. Hawakukata tiketi, na mialo waliyoondokea haina herufi katika kitabu chochote cha usafiri. Safari zao zimebaki katika kumbukumbu za wazee. Naona ni wajibu wetu wanafunzi kuwauliza, na kuandika jina la kila mwalo watakaoutaja, wangali hai.