Rubondo, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha
Hifadhi ya Tanzania iliyo kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, mkoani Geita, jirani na mwambao wa Chato. Rubondo ilikuwa pori la akiba kuanzia 1965, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 457, karibu nusu yake maji.

Kati ya 1966 na 1969, mwanazuolojia Mjerumani Bernhard Grzimek aliongoza kazi ya kuleta sokwe kisiwani. Uzao wao ungali msituni.

Wageni huvuka kwa boti, hupiga hema ufukweni, huvua sangara kwa ndoano, hutazama ndege na kuwavizia nzohe kwenye matete. Maji yana mamba na viboko, hivyo kuogelea ni hatari.