Umeme wa mito midogo: kutoka Pangani hadi Magugu

Ukitoka Babati mjini kwa barabara ya Arusha, mkono wa kushoto unaandamana na ukuta wa Bonde la Ufa. Juu ya ukuta huo ni nyanda za Mbulu, baridi na ukungu, mahindi na ngano, na msitu wa Nou ambao ndio tangi la maji la eneo lote. Chini ni bonde la Kiru na Magugu, joto, miwa, na ule mpunga ambao wauzaji wa mchele sokoni Arusha huutaja kwa jina ili wapandishe bei. Mito inayotoka juu haina njia nyingine ila kushuka. Mkulima wa Magugu anaitazama kama mifereji ya kumwagilia. Fundi wa umeme akitazama mteremko ule ule anaanza kupiga hesabu.

Hesabu hiyo imeshafanyiwa kazi. Katika eneo la Magugu upo mtambo wa Darakuta, mali ya kampuni binafsi, unaofua umeme kwa maji na kuuingiza katika gridi ya taifa kwa mkataba na TANESCO. Ni mtambo mdogo, haufiki nusu megawati. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, maana yake ni zaidi ya mara elfu nne ya Darakuta. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuuliza kwa nini gazeti lipoteze wino. Jibu langu ni kwamba ukitaka kuelewa umeme wa Tanzania ulikopita, na nani alikumbukwa na nani aliachwa, mitambo midogo inakueleza zaidi kuliko mabwawa makubwa.

Umeme wa kwanza wa kutumiwa na umma Tanganyika uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wenyewe. Waingereza walipochukua nchi waliunda idara ya serikali ya umeme mwaka 1920, kisha mwaka 1931 kazi hiyo wakaikabidhi kwa kampuni mbili binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na TANESCO kwa kwingineko. TANESCO ile ya mwanzo haikuwa shirika la umma. Ilikuwa kampuni ya kibiashara, na ilipoyafunga maporomoko ya Pangani katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa inautazama mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Vijiji vilivyokuwa kando ya mto Pangani havikuwemo katika hesabu. Serikali ya Tanganyika huru ilianza kununua hisa mwaka 1964, na kufikia 1975 shirika lote likawa la umma.

Tangu wakati wa ukoloni, mbali na miji, walikuwepo watu wengine waliokuwa wakifunga mito kwa mikono yao: wamisionari. Peramiho, Ndanda, Uwemba, Ndolage, Rungwe. Ukifuatilia historia ya misheni yoyote kubwa iliyojengwa karibu na mteremko, ni nadra kukosa mfereji, bomba na mtambo mdogo. Wabenediktini ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hii kusini. Hawakuwa na nia ya kuangazia nchi. Walihitaji taa za chumba cha upasuaji, mashine ya kuchapa vitabu, msumeno wa karakana ya useremala, na kinu cha kusaga. Lakini bila kukusudia wakaacha kitu ambacho serikali ya kikoloni haikukiacha: mafundi wa Kiafrika waliojua kuzibua chujio, kubadili beringi na kusikiliza mlio wa mtambo wakajua kuna mchanga ndani. Ujuzi huo ulirithishwa. Si ajabu kwamba nyanda za juu kusini, hasa Njombe, ndiko hadi leo kunakotokea wanakijiji wanaojifulia umeme wenyewe kwa vyuma chakavu na kijito cha nyuma ya nyumba, na wakati wa Rais Magufuli wawili kati yao wakapata umaarufu wa kitaifa.

TANESCO nayo ilikuwa na vituo vyake vidogo vya maji: Kikuletwa kule Hai, Tosamaganga karibu na Iringa, Mbalizi Mbeya. Vilihudumia mji au wilaya moja moja, kila kimoja na nyaya zake. Kisha ikaja Kidatu. Mwaka 1975 mitambo ya kwanza ilipowashwa pale mto Ruaha Mkuu, na gridi ikaanza kutambaa kutoka mkoa hadi mkoa, vituo vidogo vikaonekana kama baiskeli kando ya treni. Mtera ikafuata 1988, Pangani mpya 1995, Kihansi 2000. Kikuletwa ilikuwa imeshazimwa. Baadaye ikakabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha iwe mahali pa kufundishia. Huo ulikuwa mwisho wa heshima, tofauti na vituo vingine vilivyoachwa kutu ivimalize.

Kilichorudisha mito midogo mezani ni ukame. Mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 ulikuwa onyo. Ule wa 2006, maji ya Mtera yalipokauka na Dar es Salaam ikakaa gizani mchana kutwa, ulikuwa kipigo. Nchi ilikimbilia jenereta za kukodi, na kutoka hapo ikazaliwa kashfa ya kampuni ya Richmond iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Umeme, sheria ambayo haikupata vichwa vya habari lakini ilifungua mlango kwa mwenye mto wake. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulikuwa umeanza kazi mwaka 2007. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikatengeneza mkataba mfano: yeyote anayefua umeme usiozidi megawati 10 angeweza kuiuzia TANESCO kwa masharti na bei zilizokwisha kuandikwa, bila kuanza mazungumzo upya kila mara. Wa chini ya megawati moja hakuhitaji leseni kamili.

Mkataba huo ulikuwa na kipengele ambacho mimi nakipenda kwa ukweli wake. Bei ya awali ilikuwa mbili: ya kiangazi, kuanzia Agosti hadi Novemba, na ya miezi mingine. Ya kiangazi ilikuwa juu kwa sababu mabwawa makubwa yanakuwa yameshuka na TANESCO inachoma mafuta. Kwa mwenye mtambo wa mabaki ya miwa hiyo ilikuwa neema. Kwa mwenye kijito, ilikuwa kejeli: bei ilipanda wakati ule ule ambao mto wake umebaki mchirizi. Mwaka 2015 utaratibu ulibadilishwa, bei ikapangwa kwa aina ya nishati na ukubwa wa mtambo, na mdogo akapewa bei nzuri zaidi kwa kila uniti.

Katika mlango huo waliingia wachache. Mwenga kule Mufindi, megawati 4, ulianza 2012; pamoja na kuuza kwa TANESCO na kuhudumia chai, ulivuta nyaya zake hadi vijijini. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, mwaka 2015, na Songea iliyokuwa ikitegemea dizeli ikaanza kununua umeme kwa watawa. Na katika orodha hiyo hiyo ya wauzaji wadogo, chini kabisa kwa ukubwa, ndipo ilipo Darakuta ya Magugu.

Mtambo wa aina hii si mgumu kuuelewa. Kunajengwa banio la kuinua maji kidogo tu, si bwawa. Maji yanaingia mfereji unaofuata kontua ya mlima, yanafika kwenye tangi la kutulizia ambako mchanga unazama na majani yananaswa na chujio la nondo, kisha yanateremshwa ndani ya bomba la chuma hadi chini kwenye mtambo, na yakishauzungusha yanarudi mtoni yaleyale. Hakuna kilichopungua isipokuwa ule mteremko. Lita 100 kwa sekunde zikianguka mita 50 zina nguvu ya kilowati 49 kwenye karatasi. Ukitoa msuguano wa bomba na upotevu wa mashine zinabaki kama 34. Hizo zinatosha mashine ya kukoboa mpunga mchana na taa za kijiji usiku. Kazi ngumu kuliko zote haifanywi na mhandisi. Inafanywa na yule kijana wa zamu ambaye usiku wa mvua kubwa anapanda na reki na tochi hadi kwenye chujio, kwa sababu likizibwa na majani kwa nusu saa tu, taa za watu zinazima.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Darakuta inauza kwenye gridi. Uniti ikishaingia kwenye waya wa TANESCO haina kabila. Inaweza kuwasha friji Babati au Arusha. Kisheria na kibiashara uamuzi huo ni sahihi, kwani mnunuzi ni mmoja, mkubwa, na hana haja ya kufukuzwa nyumba kwa nyumba, ingawa kulipa kwa wakati hakujawahi kuwa sifa yake kuu. Njia nyingine, ya kujenga gridi ndogo na kuuzia vijiji moja kwa moja, ina historia yake na haikosi mifano mizuri. Matembwe kule Njombe, mtambo wa miaka ya 1980 uliojengwa kwa msaada wa Waitaliano wa CEFA na kukabidhiwa kampuni ya kijiji, umeishi kuliko miradi mingi ya wafadhili ninayoijua. Mawengi kule Ludewa uliundiwa jumuiya ya watumiaji. Hesabu iliyotolewa 2017 na World Resources Institute pamoja na TaTEDO ilikuta gridi ndogo 109 nchini, na 49 kati yake zilikuwa za maji. Hakuna nishati nyingine iliyokuwa na nyingi zaidi.

Kilichozibana gridi hizo si ukosefu wa mito. Ni bei, na ni kuja kwa nguzo za REA. Mwenye gridi ndogo lazima arudishe mtaji wa bomba, mtambo na nyaya kutoka kwa wateja mia chache wanaotumia taa tatu na chaji ya simu. Kwa hiyo uniti yake inakuwa ghali. Jirani yake, upande wa pili wa korongo, ameunganishwa na TANESCO kwa shilingi 27,000 na ananunua uniti kwa shilingi 100. Serikali ilipoagiza mwaka 2020 kwamba gridi binafsi nazo ziuze kwa bei ya TANESCO, wanakijiji walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini TANESCO inafidia hasara ya kijijini kwa faida ya mjini, na mwenye gridi ndogo hana mji. Kumtaka auze kwa bei hiyo bila kumfidia ni kumwambia, kwa lugha ya adabu, afunge.

Kwa upande wa Babati mambo yamekwenda kwa kasi. Laini ya kilovolti 400 kati ya Tanzania na Kenya, iliyowashwa Desemba 2024, inapita hapa ikitokea Singida kwenda Arusha hadi Isinya. Nguzo za REA zimefika karibu kila kijiji cha nchi. Mtu wa Bashanet au Dareda leo hakosi umeme kwa sababu ya kukosa mtambo kijijini. Akikosa, ni kwa sababu nguzo imesimama mita mia nne kutoka kwake, au kwa sababu alichopata ni laini isiyo na fezi tatu na mashine ya kukoboa haiwezi kuzunguka. Umeme unapokuwa mwisho wa laini ndefu unakuwa dhaifu, na hapo ndipo mtambo mdogo ulioko karibu una faida ambayo bwawa la Rufiji halina: unasukuma nguvu palepale inapopungua.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua kati ya gridi na mto. Ninachokiona ni hatari kwa mto wenyewe. Mafuriko ya Ziwa Babati mwaka 1990 yalikuwa na uhusiano na vilima vilivyolimwa hadi juu. Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilishuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Mto uliopoteza msitu wake huwa na tabia mbili: masika unabomoa banio, kiangazi hauzungushi kitu. Miradi mingi ya maji hufa kwenye makaratasi kwa sababu mtaalamu alipima mtiririko Aprili, akachora mtambo wa Aprili, na Oktoba ikamuumbua.

Magugu imeshaonyesha kwamba mito ya ukingo huu inafua umeme na TANESCO inaununua. Kilichobaki ni kazi isiyo na ukataji wa utepe: vipimo vya mtiririko vya mwaka mzima, kwa miaka kadhaa, kwa kila mto unaoshuka kutoka Nou. Halmashauri za Babati na Mbulu, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, zitenge fedha hizo katika bajeti ijayo na kubandika matokeo kwenye ofisi za vijiji husika.